Moyo Unaosimama Alfajiri: Uchambuzi wa Kisa cha Mapigo ya Usiku

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kielelezo: mgonjwa wake hakutolewa katika faili la mtu yeyote, bali ameundwa kwa dalili, vipimo na makosa ambayo madaktari wa moyo na wa usingizi hukutana nayo mara kwa mara. Ni mwanamume wa miaka 52, mhasibu, mwenye uzito wa kilo 104 na urefu wa sentimita 172, anayeingia kliniki ya moyo akiwa ameshika ripoti ya kipimo cha Holter, yaani kile kifaa kidogo kinachounganishwa kifuani kwa nyaya na kurekodi umeme wa moyo kwa saa 24 mfululizo. Ripoti inaeleza kwamba katika usiku mmoja moyo wake ulisimama kwa zaidi ya sekunde 3 mara 12, na kwamba kituo kirefu kuliko vyote kilidumu sekunde 4.6. Ameshaambiwa kwamba pengine atahitaji kuwekewa betri ya moyo, yaani kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuupigisha moyo unaposita, na amekuja kuuliza jambo moja tu: je, ni lazima?

Safari yake ilianza miezi minane nyuma, aliponunua saa janja ya mkononi. Kila asubuhi saa hiyo ilimpa namba mbili: wastani wa mapigo ya usiku, ambao haukutoka mbali na 61 kwa dakika, na mapigo ya chini kabisa, ambayo mara nyingi yalikuwa 38. Wenzake kazini walimpongeza, kwa kuwa wamesikia kwamba mapigo ya chini ni dalili ya moyo wa mwanariadha, naye akaridhika ingawa hakuwa amefanya mazoezi yoyote ya maana kwa miaka kumi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anaamka na kichwa kizito, kwa nini anakwenda haja ndogo mara tatu kila usiku, wala kwa nini presha yake imebaki 152 kwa 94 ilhali anameza dawa mbili. Alikwenda kupima baada ya kusinzia kwenye foleni ya magari na kuligonga gari lililokuwa mbele yake.

Hatua za mwanzo za uchunguzi zilikuwa sahihi na hazihitaji maneno mengi. Kipimo cha umeme wa moyo cha mchana kilikuwa cha kawaida, ultrasaundi ya moyo ilionyesha ukuta wa kushoto ulionenepa kidogo kama inavyotarajiwa kwa mwenye presha ya muda mrefu, na homoni za tezi ya shingo pamoja na madini ya damu vilikuwa sawa. Mojawapo ya dawa zake za presha ilikuwa atenolol, ambayo hupunguza mapigo, kwa hiyo ilisitishwa taratibu, akapewa nyingine isiyogusa mwendo wa moyo. Holter ikarudiwa. Mapigo ya mchana yalipanda kutoka wastani wa 68 hadi 77, jambo lililothibitisha kwamba dawa ilikuwa imetoka mwilini, lakini vituo vya usiku vilibaki 11. Kisha akapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, na mapigo yake yakapanda bila kusita hadi 158. Moyo ambao chanzo chake cha umeme kimechakaa kwa kawaida hushindwa kufika huko. Huu ulifika, na kwa maoni yangu hapo ndipo wazo la betri lilipopaswa kuanza kutiliwa shaka.

Jambo lililokuwa limeandikwa kwenye ripoti zote mbili, lakini likapitwa na kila msomaji, ni saa za vituo hivyo. Kati ya vituo 11 vya kipimo cha pili, 9 vilitokea kati ya saa 9:30 usiku na saa 11:30 alfajiri. Hakukuwa na hata kimoja mchana, hata wakati alipopumzika kitini baada ya chakula. Urefu wa kituo ndio unaomtisha mgonjwa, lakini wakati kinapotokea ndio unaomwelekeza daktari, na ili kuona ni kwa nini, inabidi turudi kwenye usiku wa mtu mwenye afya.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na usiku mmoja huwa na mizunguko 4 hadi 6. Katika kila mzunguko mtu huanza na lepe jepesi, hatua inayoitwa N1, hushuka katika N2, ambayo huchukua karibu nusu ya usiku mzima, kisha huzama katika usingizi mzito wa N3, na mwishoni huibukia katika usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na ndoto zilizo wazi zaidi hutokea. Moyo hufuata ngazi hiyo hatua kwa hatua. Kadiri usingizi unavyozama, neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, hukaza, na neva za simpathetiki, ambazo ndizo zinazouharakisha, hulegea. Mtu mwenye mapigo 70 akiwa ameketi macho si ajabu kumkuta na 55 au 60 katika usingizi mzito, tena mapigo yenyewe yakiwa yametulia, yakipanda kidogo kila anapovuta pumzi na kushuka kila anapoitoa. Kijana mwenye mazoezi huweza kufika 40 au hata chini yake bila tatizo lolote, na kituo cha sekunde 2 usiku wa manane hakimshtui daktari mzoefu.

Katika REM utulivu huo huvunjika. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipoieleza hatua hii mwaka 1953, waliona kwamba pumzi na mapigo hubadilika pamoja na mchezo wa macho. Miaka 40 baadaye, mwaka 1993, Virend Somers na wenzake walipima moja kwa moja umeme wa neva za simpathetiki kwa watu wazima wenye afya wakiwa wamelala. Walikuta kwamba shughuli ya neva hizo hupungua usingizi unapozidi kuwa mzito, kisha katika REM hupanda hadi kupita kiwango cha mtu aliye macho. Kwa hiyo mapigo ya REM hayana mstari mmoja: hupanda ghafla, hushuka ghafla, na wastani wake hukaribia ule wa mtu anayeamka. Mambo mengine mawili kuhusu REM yana uzito mkubwa katika kisa chetu. La kwanza ni kwamba haigawanyiki sawasawa, kwani usingizi mzito hujaa katika theluthi ya kwanza ya usiku, na REM hurefuka kila mzunguko hadi ikatawala theluthi ya mwisho. La pili ni kwamba katika REM karibu misuli yote ya mwili hulegezwa, isipokuwa misuli ya macho na kiwambo kinachovuta pumzi, na miongoni mwa misuli inayolegea ni ile inayozuia ulimi na kuta za koo zisiangukiane.

Mhasibu wetu hulala saa 5 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Saa 9:30 hadi 11:30 ni theluthi yake ya mwisho.

Kabla ya kumpeleka maabara ya usingizi, rekodi ya Holter ilifunguliwa upya, safari hii bila kutafuta vituo. Badala ya kutazama pigo mojamoja, mapigo ya usiku mzima yalichorwa kama mstari mmoja unaopanda na kushuka. Mchoro wa mtu mwenye afya hufanana na ufuo: mawimbi madogo, mabonde mapana, na vurugu za hapa na pale kila baada ya saa moja na nusu. Mchoro wake ulikuwa msumeno. Kila sekunde 40 hadi 70 mapigo yalishuka polepole, kisha yakaruka juu kwa ghafla, kisha yakaanza tena kushuka, jino baada ya jino, kwa saa nyingi mfululizo. Wastani wa msumeno huo ulikuwa 61, na hiyo ndiyo namba ambayo saa janja ilikuwa ikimpongeza nayo kila asubuhi. Saa hizo husoma mapigo kwa mwanga unaomulika ngozi na kwa kawaida humwonyesha mwenye saa wastani wa kipindi fulani, kwa hiyo jino linalopanda na kushuka ndani ya dakika moja husawazishwa likapotea. Zaidi ya hayo, saa hukisia hatua za usingizi kwa kutumia mapigo na mtikisiko wa mkono, na mtu ambaye mapigo yake yanarukaruka huku mwili umetulia huweza kuhesabiwa kuwa yumo katika ndoto hata kama hayumo.

Mkewe alikuwa amesubiri nje katika ziara zote za awali. Alipoitwa ndani, alieleza kwa sentensi moja kile ambacho mashine mbili hazikukieleza. "Daktari, kukoroma nimekuzoea; kinachoniamsha ni pale anaponyamaza." Alipoulizwa, "Mama, anyamazapo huwa ni kwa muda gani?" alijibu kwamba humhesabia kimoyomoyo, na mara nyingine hufika thelathini kabla hajamtikisa bega. Mume alishangaa waziwazi. Katika maradhi ya usingizi mgonjwa ndiye shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu wakati wa tukio hayupo, na kliniki inayomwacha mwenza wake nje ya mlango huwa imemwacha nje shahidi mkuu.

Dalili zote sasa zilielekea kwenye maradhi ya kukosa pumzi usingizini, ambapo koo huziba mara kwa mara mtu akiwa amelala. Hata hivyo, msumeno wa mapigo peke yake hautoshi kutoa hukumu, kwa kuwa kuna maradhi mengine ya usingizi yanayochora meno yanayofanana kwa mbali. Lililo karibu zaidi ni mtikisiko wa miguu wa mara kwa mara usingizini, ambao hujirudia kwa kawaida kila sekunde 20 hadi 40 na kuupandisha moyo kila mara. Tofauti iko kwenye mpangilio. Katika mtikisiko wa miguu mapigo hupanda kwanza, pamoja na mtikisiko wenyewe au sekunde chache kabla yake, ndipo yakashuka. Katika kukosa pumzi mapigo hushuka kwanza, au hukosa kupanda, ndipo yakaruka pumzi inaporejea. Mgonjwa wa moyo uliochoka naye huweza kuwa na pumzi inayokua na kufifia kwa mawimbi marefu, ile inayoitwa Cheyne-Stokes, ambapo koo liko wazi lakini ubongo ndio uliosita kutoa amri; ultrasaundi ya moyo wake, ambao ulikuwa ukisukuma damu vizuri, ilifanya wazo hilo kuwa gumu. Mfadhaiko wa ghafla wa usiku, ambapo mtu hukurupuka kutoka usingizi mzito akipiga kelele, hupandisha mapigo kwa kasi ya kutisha, lakini ni mara moja au mbili kwa usiku na hutokea zaidi katika theluthi ya kwanza. Kukosa usingizi kwa muda mrefu hakuchori meno kabisa: kinachoonekana kwa baadhi ya wagonjwa hao ni mapigo yasiyoshuka ipasavyo usiku. Na kwa upande mwingine, kutokuwepo kwa msumeno hakumsafishi mtu, kwa sababu mwenye kisukari kilichoharibu neva za moyo, au mwenye mapigo ambayo muda wote hayana mpangilio, huweza kukosa pumzi usiku kucha na mchoro wake usionyeshe jino hata moja.

Alilazwa maabara kwa usiku mmoja. Kipimo chenyewe huitwa polisomnografia, nacho hukusanya kwa pamoja umeme wa ubongo kutoka kichwani, mwendo wa macho, mkazo wa kidevu, umeme wa moyo, mtikisiko wa miguu, hewa ya puani, mwendo wa kifua na tumbo kwa mikanda miwili, na oksijeni kwa kibanio cha kidoleni. Alilala kwa muda wa saa 6 kamili. Hewa ilikatika au kupungua kwa kiwango cha kuhesabika mara 41 kwa saa, ilhali kwa mtu mzima 5 ndiyo mwanzo wa kuhesabiwa mgonjwa na 30 ndiyo mwanzo wa daraja la ukali. Nje ya REM hesabu ilikuwa 35 kwa saa. Ndani ya REM ilikuwa 68. Vituo vyote vya moyo vilivyozidi sekunde 3 vilikuwa ndani ya REM.

Tukio moja linafaa kutazamwa kwa karibu. Saa 10:52 alfajiri, akiwa katika REM, alivuta pumzi ya mwisho. Mapigo yalikuwa 68 na oksijeni asilimia 94. Mstari wa hewa puani ukalala, lakini mikanda ya kifua na tumbo iliendelea kutikisika, tena kwa kupingana, kifua kikizama huku tumbo likipanda, kama mtu anayevuta kamba iliyofungwa ukutani. Hiyo ndiyo alama ya koo lililoziba: juhudi ipo, hewa haipo. Katika sekunde ya 15 mapigo yalikuwa 57, katika ya 25 yalikuwa 46. Katika sekunde ya 38 mstari wa moyo ulinyooka, ukabaki hivyo kwa sekunde 4.1. Ndipo mawimbi ya ubongo yakabadilika na kuwa ya mtu aliye macho kwa muda wa sekunde 5, kidevu kikakaza, hewa ikaingia kwa mngurumo, na ndani ya mapigo machache moyo ukafika 97. Kibanio cha kidole kilionyesha oksijeni ya asilimia 76 baada ya hayo yote, wakati tayari anapumua, kwa kuwa damu huhitaji muda kusafiri kutoka mapafuni hadi kidoleni. Hakugeuka wala hakufumbua macho. Dakika moja baadaye lilianza jingine.

Kinachofanyika ndani yake ni mgongano wa amri mbili. Oksijeni inaposhuka, vihisi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo huupigia ubongo kengele. Kama mapafu yangekuwa yanajaa hewa, jibu lingekuwa kuharakisha moyo. Lakini kwa kuwa mapafu hayajai, jibu linalobaki ni lile la mzamiaji aliye chini ya maji, yaani neva ya vagasi hukaza breki ili moyo utumie oksijeni kidogo, huku neva za simpathetiki zikibana mishipa ya damu ya mikono na miguu. Ni kama dereva anayekanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja. Koo linapofunguka, mapafu hujaa, breki huachiwa ghafla, na mafuta yaliyokuwa yamekanyagwa muda wote hukutana na barabara tupu: moyo huruka, presha hupanda. Mara 41 kwa saa, usiku mmoja baada ya mwingine, mishipa inayobanwa kiasi hicho haisahau kukicha, na hilo linaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini dawa mbili za presha hazikufua dafu. Hata safari za haja ndogo zina chanzo humo, kwani kifua kinachovuta dhidi ya koo lililoziba hujaza damu katika vyumba vya moyo, navyo hutoa homoni inayoamuru figo zitoe maji na chumvi.

Maelezo haya hayakuanza jana. Mwaka 1977 Ara Tilkian na wenzake walionyesha kwamba hitilafu za mapigo kwa wagonjwa wa aina hii huondoka wanapotobolewa njia ya hewa shingoni, na mwaka 1984 Christian Guilleminault na wenzake walieleza msumeno wenyewe, wakaona kwamba hufifia kwa atropini, dawa inayozuia vagasi. Mwongozo wa mwaka 2018 wa vyama vya Marekani vya madaktari wa moyo kuhusu mapigo ya chini unaelekeza kwamba mwenye hitilafu hizo usingizini achunguzwe dalili za kukosa pumzi, na kwamba vituo vya usingizini pekee, pasipo sababu nyingine, visiwe kibali cha kuweka betri ya kudumu. Betri ingeweza kujaza vile vituo vya sekunde 4. Isingefungua koo, wala isingepandisha oksijeni kutoka 76.

Alipewa mashine ya CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliitangaza mwaka 1981 na ambayo husukuma hewa puani kwa shinikizo la kutosha kuliweka koo wazi. Kwake yeye shinikizo lililofaa lilikuwa sentimita 11 za maji. Baada ya wiki sita Holter ilirudiwa: msumeno ulikuwa umetoweka katika sehemu kubwa ya usiku, na wastani wa mapigo ya usiku ulikuwa 58. Tofauti na awali ni mapigo 3 tu. Angekuwa anaitegemea saa yake ya mkononi, angesema mashine haijafanya kitu.

Presha ilishuka hadi 138 kwa 86, nayo dawa haikuachwa. Hapa ni vema matumaini yawekewe mpaka, kwa sababu utafiti wa SAVE uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba CPAP ilipunguza matukio mapya ya moyo na kiharusi kwa jumla, ingawa kusinzia mchana kulipungua na hali ya hisia ikaboreka. Washiriki walivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Mtu anayelala saa 7 na kuvaa mashine kwa saa 3 za mwanzo huwa amelinda usingizi mzito, ambao haukuwa na hatari kubwa, na kuiacha REM bila kinga.

Hilo hasa ndilo lililoonekana kwa mhasibu. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kwamba aliivaa kwa saa 5 kwa usiku na kuivua karibu saa 10 alfajiri, kwa kuwa barakoa ilimchubua daraja la pua. Katika ile Holter ya wiki sita kulikuwa na kituo kimoja cha sekunde 2.8, saa 10:40 alfajiri, barakoa ikiwa mezani. Akabadilishiwa barakoa, akapewa ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua pekee, na mkewe akaombwa amrudishie kila akiivua. Mwezi wa tatu Holter ilirudiwa mara ya mwisho. Mapigo ya chini kabisa yalikuwa 46, saa 7:20 usiku, yakiwa yametulia katika theluthi ya kwanza ya usiku, na kati ya saa 9:30 na saa 11:30 mstari ulipanda na kushuka bila mpangilio, kama unavyopaswa kufanya kwa mtu anayeota, bila kituo hata kimoja kilichofika sekunde 2.